Je, Wajua? Gobore Hutaka Maji ya Moto, Si Petroli

Je, wajua kwamba mtutu wa gobore hutakata kwa maji ya moto na sabuni kuliko kwa petroli? Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka masizi na chumvi za potasiamu. Nyingine hutoka na moshi, nyingine hung'ang'ania ndani ya mtutu na kunyonya unyevu wa hewa. Kwenye ukungu wa milima ya Uluguru kutu haichelewi. Petroli haiyeyushi chumvi hizo hata ukisugua mpaka jioni. Maji huziyeyusha papo hapo. Ukimaliza, kausha kabisa, kisha paka mafuta.

Bunduki ya kisasa ya mlinzi wa kiwanda pale Kihonda, mjini Morogoro, ni habari nyingine. Masizi yake yana mafuta, na hapo dawa maalumu ya kusafishia silaha ina kazi. Toa risasi zote kwanza, chungulia chemba, ukae mahali penye hewa.

Petroli iache kwenye gari. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa linalochemsha chai kona ya pili ya kibanda. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi, kwa hiyo yana nafuu, ingawa bati lililoachwa juani hufika huko. Msamvu, jirani tu na Kihonda, lori la petroli lilipinduka na kulipuka tarehe 10 Agosti 2019, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mji huu unaujua moto huo.

Dawa ya kupuliza ya kusafishia breki nayo si mbadala wa kuchezea. Baadhi zina heksani, iliyowadhuru mishipa ya fahamu mafundi magari wa California mwishoni mwa miaka ya 1990: mikono na miguu ikafa ganzi. Vaa glovu za nitraili. Za mpira wa kawaida huvimba na kupitisha kemikali.

Na tafadhali, usihifadhi chochote kati ya hivi kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa maana yakipanda tena huingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.