Kwa nini injini ndogo lazima ilie ndipo itoe nguvu

Simama kando ya barabara kuu pale Kibaigwa wakati wa msimu wa mahindi, ufumbe macho usikilize. Lori lililojaa magunia linaondoka kwa mngurumo mzito, taratibu, kama vile halina haraka na mtu. Bodaboda inalipita ikilia. Mara moja moja hupita gari la mbio, lile dogo la chini chini, likielekea Dodoma mjini. Mlio wake unapanda, unazidi kupanda, mpaka unadhani injini itapasuka. Kisha dereva anabadili gia na mlio unaanza kupanda upya.

Watu wakisikia hivyo husema dereva yule anaionea injini. Haionei. Injini ile imetengenezwa hivyo: nguvu yake haiko chini, iko juu kwenye mizunguko mingi, na asiyeifuata huko haipati. Jambo hili linamhusu hata mtu asiye na ndoto ya kumiliki gari la mbio, kwa sababu pikipiki na magari madogo kama IST na Vitz yana tabia hiyo hiyo. Kutoijua ndiko kunakomfanya mtu ajikute ubavuni mwa lori, gari halivuti, na lingine linamjia usoni.

Tuanze na kitu tunachokijua wote huku kwetu, kuteka maji kisimani. Mtu mmoja ana ndoo ya lita 20 na anaivuta mara moja kwa dakika. Mwenzake ana kidumu cha lita 5, lakini anakivuta mara nne kwa dakika. Mwisho wa saa wana maji sawasawa. Wa kwanza anatumia misuli, wa pili anatumia wepesi. Injini nayo ni hivyo. Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, pistoni inasukumwa mara moja. Huo ni ukubwa wa ndoo. Mizunguko kwa dakika ni idadi ya safari za kisimani. Nguvu za farasi unazoziona kwenye karatasi za gari ni hivyo viwili vikizidishwa pamoja.

Sasa tuweke injini mbili kwenye mizani. Ya kwanza ni ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za zamani zinazoitwa mkonga, zile za hospitali, misheni na miradi ya maji. Msukumo wake wa kuzungusha unafikia karibu nyutonimita 285. Ukitaka kuuona huo msukumo, chukua spana ya urefu wa mita moja, ufunge kwenye ncha yake mzigo wa kilo 29. Injini inatoa msukumo huo ikiwa kwenye mizunguko 2,200 tu, yaani ingali inanguruma kwa utulivu. Nguvu yake yote ni farasi 130 hivi, na inafika hapo kwenye mizunguko 3,800. Baada ya hapo hakuna kitu, hata ukanyage vipi.

Ya pili ni ya Honda S2000, gari la mbio lililotoka mwaka 1999. Ina lita 2 tu, silinda nne, nayo haina turbo. Msukumo wake ni mdogo kuliko wa mkonga: nyutonimita 218, sawa na kilo 22 kwenye ile spana yetu. Lakini inautoa msukumo huo kwenye mizunguko 7,500, na iliyouzwa Japani ilifikisha nguvu za farasi 250 kwenye mizunguko 8,300. Hiyo ni karibu mara mbili ya mkonga, kwa injini isiyofika hata nusu ya ukubwa wake. Kidumu chake ni kidogo, ila anayekivuta hashikiki.

Mtu atauliza: kama nguvu ni hizo, kwa nini S2000 isivute trela la mahindi? Kwa sababu trela linaanza kuvutwa likiwa limesimama, na hapo injini iko chini, kwenye mizunguko 1,000 au 1,500, ambako S2000 ni dhaifu. Dereva angelazimika kuilia injini na kuunguza klachi kila anapoondoka. Na kwa nini mkonga usizungushwe mpaka 8,000? Pistoni zake ni nzito na safari yake ni ndefu, milimita 100 kwenda na 100 kurudi. Kila mzunguko, pistoni inasimama mara mbili na kugeuza njia. Kwenye mizunguko 9,000, hiyo ni kusimama mara 300 kwa sekunde moja. Ukiongeza mizunguko mara mbili, nguvu inayoivuta na kuikata pistoni inaongezeka mara nne. Chuma kizito hakivumilii hilo. Isitoshe, dizeli yenyewe inahitaji muda wa kuchanganyika na hewa na kuungua. Ndiyo maana injini za mbio zina pistoni nyepesi, springi kali za valvu, na hazitaki mchezo na oili. Injini inayozungushwa sana kwa oili iliyochakaa haidumu.

Lakini kazi ngumu kuliko zote kwa injini ya mizunguko mingi ni kupumua. Kwenye mizunguko 9,000, mzunguko mmoja unachukua chini ya sehemu saba za elfu za sekunde, na muda wa kuvuta hewa ni kama nusu ya hapo. Kufumba na kufumbua jicho ni kwingi mno ukilinganisha. Mafundi wanaitatuaje hiyo? Wanaiacha valvu ya kuingiza hewa wazi kwa muda mrefu zaidi, hata pale pistoni inapokuwa imeshaanza kurudi juu. Hewa ikienda kasi ina msukumo wake, kama umati unaoingia uwanjani: hata mlango ukianza kufungwa wa nyuma bado wanasukuma. Silinda inajaa.

Ubaya ni kwamba injini hiyo hiyo ikienda polepole, hewa haina kasi. Valvu ikichelewa kufungwa, pistoni inaitema hewa ilikotoka. Hapo ndipo siri ilipo. Kilichoipa injini nguvu juu ndicho kinachoinyima nguvu chini. Honda walilikabili tatizo hili kwa kuweka nundu za aina mbili kwenye kamshafti, za upole kwa mwendo wa kawaida na za ukali kwa mizunguko mingi. Mfumo huo, VTEC, ulianza kwenye gari la Integra huko Japani mwaka 1989. Kwenye S2000 ukipita mizunguko 6,000 hivi, injini inahamia nundu za ukali na mlio unabadilika ghafla. Toyota nao wana VVT-i, ambayo mwenye IST anaiona imeandikwa kwenye injini yake. Hiyo haibadilishi nundu. Inawahisha au kuchelewesha wakati wa valvu kufunguka na kufungwa. Ni upole zaidi, na kwa gari la kupeleka watoto shule inatosha.

Na hapa Dodoma kuna jambo la ziada ambalo dereva aliyezoea Dar es Salaam halitambui mpaka limkute. Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kama asilimia 12 pungufu ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, inaunguza mafuta pungufu, na inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. IST ya cc 1,300 yenye farasi 87 pale bandarini, ikifika huku ni kama ina farasi 77. Lori lenye turbo halipungukiwi hivyo, kwa sababu turbo inashindilia hewa. Ongeza vumbi letu la kiangazi kwenye chujio la hewa: upungufu utausikia kwanza kwenye mizunguko mingi, injini inapohitaji pumzi zaidi.

Sasa turudi barabarani, maana hapo ndipo watu wanapofia.

Farasi 87 za IST zinapatikana kwenye mizunguko 6,000. Ukiwa nyuma ya lori kwa kilomita 60 kwa saa, gia ya juu, mshale uko karibu 2,000 au chini yake. Hapo injini ina karibu theluthi moja tu ya nguvu zake, hata ukanyage mpaka sakafu. Tupige hesabu. Lori na trela lake tuseme mita 20, na uache mita 20 nyuma na 20 mbele. Ukilipita kwa mwendo wa 90, unatumia sekunde 7 na kidogo, na mita 180 za barabara. Gari linalokuja mbele kwa 90 nalo limekula mita 180. Unahitaji mita 360 zilizo wazi. Lakini injini ikikosa pumzi ukabaki kwenye 75, unatumia sekunde zaidi ya 14, na barabara inayohitajika inakuwa mita 660. Karibu mara mbili! Lori ni lile lile, gari ni lile lile. Tofauti ni mshale wa mizunguko ulikuwa wapi ulipotoka.

Kwa hiyo gia inashushwa kabla ya kutoka kwenye mstari wako. Mwenye gari la gia za mkono anarudi ya tatu, anasikia injini inalia, ndipo anachungulia. Gari la otomatiki lina ujanja wake wa kushuka gia lenyewe ukikanyaga sana, ila kwanza linafikiri kidogo, na muda huo wa kufikiri ndio unaokosa ukiwa upande wa kulia. IST na ndugu zake nyingi zina kitufe cha O/D ubavuni mwa fimbo ya gia. Kibonyeze ukiwa bado nyuma ya lori. Taa ya O/D OFF itawaka, gari litaiacha gia ya nne, na mshale utapanda hapo hapo. Usiogope mlio; injini hiyo ina breki yake ya kielektroniki inayoizuia kupita kiasi wakati unakanyaga mafuta.

Wa bodaboda naye ana somo lake. Boxer ya cc 150 ina farasi 12 hivi kwenye mizunguko kama 7,500, yaani ni jamaa wa karibu wa ile S2000 kuliko wa mkonga. Ukipakia gunia na abiria ukapandisha vilima vya Kondoa kwa gia kubwa ili "usiichoshe", utaisikia inagonga na kutetemeka. Huko ndiko kuichosha. Shusha gia, iache izunguke.

Ukishalipita lori na kurudi upande wako, bonyeza tena kile kitufe, taa izime. Kuna wanaosahau na kwenda na O/D OFF mpaka Singida, halafu wanamlaumu mwenye kituo cha mafuta.