Kikohozi kisichokoma tangu kuzaliwa: Huenda tatizo ni silia

Mtoto anazaliwa baada ya miezi tisa kamili, lakini saa chache baadaye anahema kwa shida na kuwekewa oksijeni. Anapata nafuu na kurudi nyumbani, ila pua yake haikauki, na kikohozi chenye makohozi kinamwandama kila siku, masika na kiangazi. Anatibiwa pumu, anatibiwa nimonia, na bado anakohoa.

Wakati mwingine chanzo ni kasoro ya kurithi katika silia, vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Madaktari huuita ugonjwa huo diskinesia ya silia.

Silia hufanya kazi gani?

Vinyweleo hivi vimetanda ndani ya pua na njia za hewa. Hupiga kwa pamoja mara 10 hivi kila sekunde, vikisukuma ute ulionasa vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Visipopiga, au vikipiga ovyo, ute hutuama, bakteria huzaliana na mapafu huharibika taratibu. Sikio la kati nalo hujaa majimaji, na mtoto huenda asisikie vizuri.

Kwa nini moyo uwe kulia?

Silia husaidia pia kupanga viungo mtoto akiwa bado tumboni. Zisipofanya kazi, mpangilio huwa wa kubahatisha. Ndiyo maana karibu nusu ya wagonjwa moyo wao uko kulia na ini kushoto. Mkia wa mbegu ya kiume nao una muundo kama wa silia, hivyo wanaume wengi wenye ugonjwa huu hutatizika kupata watoto. Mwaka 1976, mwanasayansi wa Sweden, Björn Afzelius, alionyesha kuwa matatizo haya yana chanzo kimoja.

Unarithiwaje?

Mara nyingi mtoto hupokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, ambao wenyewe ni wazima. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Uwezekano wa wazazi wote kuwa na jeni hiyo huongezeka ndugu wa damu wanapooana.

Nini kifanyike?

Hakuna tiba ya kuumaliza kabisa. Lakini mazoezi ya kila siku ya kutoa makohozi, antibiotiki za mapema, chanjo, na kuepuka moshi wa sigara na wa kuni hulinda mapafu. Yakishaharibika hayarudi yalivyokuwa. Kwa hiyo daktari akiuliza kikohozi kilianza lini, na jibu ni siku ile mtoto alipozaliwa, usiache kumwambia.