Fahamu: Tahadhari ya mvua ya radi inataka nini Dandora

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikitangaza mvua kubwa na radi, mtu wa Dandora, mtaa wa Nairobi, asingoje wingu litande. Mto Nairobi unapita karibu na jalala la mtaa huo, taka huziba mitaro, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa wengi kandokando ya mto. Maji ya kasi ya sentimita 15 tu humwangusha mtu mzima, tena huficha shimo lisilo na kifuniko. Usiyavuke.

Ukisikia ngurumo, ingia ndani. Nguo kambani ziache. Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wachambuzi wa taka hawana pa kujikinga juu ya jalala, kwa hivyo waarifiwe mapema. Waya wa stima ukianguka, kaa mbali, piga simu ya kampuni ya stima, 97771.