Mgeni Nyumbani Kwao: Habari za Vijana na Wazee katika Picha za Sinema

Wasikilizaji wetu, maneno ya leo ni juu ya picha za sinema, hasa zile zinazosimulia habari za mtu aliye katikati ya utoto na utu uzima. Nyumbani kwao huambiwa kwamba yeye bado ni mtoto, na papo hapo hutwikwa mizigo ya watu wazima. Kijana wa namna hii huketi na jamaa zake na kula nao sahani moja, walakini moyo wake u mbali nao. Watengenezaji wa sinema wa nchi nyingi wameipenda habari hii, na huku kwetu Afrika ya Mashariki ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu wa Namanyere, aliye juu katika uwanda wa Ufipa, mahali ambapo njia ya kutoka Sumbawanga huelekea Kipili na Ziwa Tanganyika, hana haja ya kufundishwa ugeni huu. Zamani za Waingereza vijana wengi wa Ufipa walikwenda mbali kufanya kazi, wengine hata katika mashamba ya mkonge, kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha kwao ilikuwa adimu. Aliyerudi alirudi na nguo mpya na maneno mapya, na si kila mzee aliyapokea kwa furaha.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza picha zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika, kwa msaada mkubwa wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Maelezo ya picha hizo yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, kisha picha zikazungushwa katika nchi kadhaa. Moja iliitwa Gumu, na kisa chake ni cha kijana wa kijijini aliyekwenda mjini akaharibikiwa. Karakana hiyo hiyo ilitengeneza picha nyingine juu ya kodi, kueleza manufaa yake. Basi picha moja yamwambia kijana alipe. Ya pili yamwonya asiende mahali penye fedha za kulipia. Mimi ningekuwa kijana yule ningeuliza: nizitoe wapi?

Kisha, tangu mwaka 1951, kampuni ya Afrika ya Kusini iitwayo African Film Productions ilishirikiana na Serikali ya Tanganyika kutengeneza picha za hadithi kwa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Mojawapo, Muhogo Mchungu, ilihusu mtu wa shamba anayekutana na hila za mji. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Picha yasema mji humwangusha mgeni. Lakini mchezaji mwenyewe katika mji huo huo aliingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa kiongozi wao, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Habari hiyo haikuwamo katika picha.

Ukizitazama picha hizo kwa makini utaona kwamba kamera imesimama upande wa baba. Kijana twamwona akiondoka, twamwona akipata hasara. Lakini hatuingii ndani ya nyumba aliyoiacha ili tujue kwa nini ilimchosha. Wala si kijana peke yake aliyefanywa mtoto. Colonial Film Unit, idara ya sinema iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilishika kanuni kwamba picha za Waafrika ziende polepole, bila kurukaruka kutoka jambo moja hadi jingine, maana iliaminiwa kwamba watazamaji hao hawataweza kufuata. Mzee mwenye mvi, aliyekuwa akiamua kesi za ardhi na za mahari, alihesabiwa kuwa mtoto mbele ya kitambaa cheupe.

Sasa tuitazame picha ya siku hizi, Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la Toronto huko Kanada. Mambo yake hutendeka Unguja katika miaka ya 1950, karibu na mwisho wa utawala wa Waingereza. Msichana wa Kihindi, jina lake Yasmin, ameozwa kwa mume asiyempenda. Katika riwaya ana umri wa miaka 15, na Bwana Raza, mumewe, ana miaka 52. Anakimbia, na badala ya kupokewa na jamaa zake anakuta mlango umefungwa. Anayempokea ni Mwajuma, mwimbaji wa taarabu wa Ng'ambo, mtu ambaye jamaa za Yasmin wasingependa hata aonekane naye. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na polisi.

Hapa kamera imehama. Twakaa na msichana ndani ya vyumba vyenye taa hafifu, na picha yenyewe haiendi mbio. Twapewa muda wa kuona jinsi mtu anavyoweza kuwa mpweke katika nyumba iliyojaa watu. Tena kuna jambo ambalo picha za Vugiri zisingeweza kulisema. Magomvi mawili yamewekwa pamoja, la msichana na wazee wake, na la nchi na watawala wake, na majibu ya wakubwa katika magomvi yote mawili ni neno moja: bado. Msichana bado hajui lililo jema kwake. Nchi bado haijakomaa kujitawala. Kwa hiyo Yasmin na Denge wanafahamiana upesi, ingawa walizaliwa katika mitaa na mila zilizotengana.

Habari ya Yasmin si ya Unguja ya zamani tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mwanamume alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali uamuzi huo. Kati ya sheria na hukumu hiyo ya mwisho ilipita miaka 48.

Wapo watakaosema kwamba picha ya namna hii inawafundisha watoto ukaidi. Sioni hivyo, kwa sababu haimfichi mtazamaji gharama: Yasmin anapoteza jamaa, na Denge hana usiku wa kulala kwa amani. Tena wachezaji wanasema Kiswahili, wala hapahitajiwi mtu wa kusimama kando na kufasiri, kama ifanywavyo kwa picha za kigeni katika mabanda ya video. Mzee wa Namanyere aweza kuketi na mjukuu wake wa kike wakasikia maneno yale yale kwa wakati mmoja, na mzee akiuliza, “Huyu binti mbona harudi kwao?” mjukuu yupo karibu naye wa kumjibu.