Nafasi ya chini ya mbabula si kabati

Mbabula zetu nyingi ziko na nafasi ya chini, pale majivu yanapoangukia, pamoja na mlango wake mdogo. Tujue kuitumia vizuri.

Kazi yake ya kwanza ni kupitisha hewa. Hewa inaingia kwa mlango ule na kupanda mpaka kwenye makala. Majivu yakijaa, moto unazimika mbele chakula kiive. Basi tutoe majivu kila asubuhi. Maharagi yakisha kuchemka, tufunge mlango nusu: moto unapungua na makala yanadumu.

Ya pili ni kuchoma. Kiazi kitamu kikifukiwa katika majivu ya moto kinaiva polepole wakati sombe inachemka juu. Watoto wanapata chakula bila sisi kuongeza makala.

Hata majivu yana faida. Yakipoa kabisa, tuyachunge na kuyachanganya na maharagi makavu ya mbegu, yanazuia wadudu.

Lakini tusiweke humo kiberiti, sasheti, kitambaa wala chupa ya petroli. Kala moja ikianguka, nyumba ya nyasi inawaka. Tena majivu yanayoonekana baridi yanaweza kuficha moto usiku kucha, na mtoto anayetambaa anaingiza mkono. Tuyamwagie maji, kisha tuyatupe shimoni.

Usiku mbabula ibaki inje. Gesi ya makala haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kufunga ule mlango mdogo hakuizuii.