Tuzo za kuuza nje zilianzaje, na jina la mkulima wa Hanang linapotelea wapi?

Ukipita Katesh msimu wa mbaazi utakuta maroli yanapakia magunia. Mzigo unashuka Dar, unapanda meli, unaishia kwenye sufuria za dali kule India. Lakini siku ya kutoa tuzo kwa wanaouza nje ya nchi, anayepanda jukwaani siyo mkulima. Kwa nini? Twende taratibu.

Zilianzia wapi?

Desemba 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani alianzisha Tuzo ya Rais ya "E". Herufi hiyo haikuwa ngeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilivyofanya vizuri kulisha jeshi vilipewa bendera yenye E. Kennedy akaipa kazi mpya: kuwasifu wanaoleta fedha za kigeni.

Uingereza ikafuata 1965, wakati ilikuwa inanunua sana nje kuliko inavyouza. Tuzo ya Malkia kwa Viwanda ikapata washindi wa kwanza 1966. Mwaka 1976 ikagawanywa, moja ya mauzo ya nje na nyingine ya teknolojia. Siku hizi ni Tuzo za Mfalme. Mshindi hapewi hela. Anapata bendera na ruhusa ya kutumia nembo kwa miaka mitano. Ila kwa mfanyabiashara nembo hiyo ni mtaji, maana mnunuzi wa mbali anaiamini.

Na huku kwetu?

Tanzania ilikuwa na Bodi ya Biashara ya Nje (BET). Sheria ya 2009 ikaiunganisha na Bodi ya Biashara ya Ndani, ikazaliwa TanTrade, hao hao wanaosimamia Sabasaba na tuzo zake. Shirikisho la Viwanda (CTI) nalo lina Tuzo ya Rais ya Mzalishaji Bora wa Viwandani, PMAYA, iliyoanza 2005. Jirani zetu Uganda wana Tuzo ya Rais ya Mauzo ya Nje.

Jina linapotelea wapi?

Tuzo hizi hazipimi jasho, zinapima makaratasi. Ile ya "E" inataka mauzo ya nje yaliyopanda kwa miaka minne. Ya Uingereza inataka miaka mitatu, au sita kwa anayekua polepole.

Sasa angalia safari ya gunia. Mkulima anapeleka mbaazi AMCOS, zinaingia ghalani, zinauzwa kwa mnada. Kampuni iliyoshinda ndiyo inayosafirisha, kwa hiyo jina lake ndilo linaloandikwa kwenye nyaraka. Cheti cha uasili wa bidhaa kinasema "Tanzania", basi. Vivyo hivyo vitunguu swaumu vya Mbulu: vikinunuliwa na tajiri wa Arusha halafu vikavuka Namanga, muuzaji nje ni yeye.

Kisheria hakuna kosa hapo. Msafirishaji anabeba gharama na hatari zake. Tatizo ni kwamba sifa inaishia kwake, ila hasara inashuka mpaka shambani. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwa mwaka. Bei ikaporomoka, na wakulima wakabaki na mzigo ndani.

Inawezekana kubadilika?

Ndiyo, na mfano upo. KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kimewahi kuuza kahawa moja kwa moja nje. Ushirika ukifika hapo, jina kwenye nyaraka ni la wakulima wenyewe, na mlango wa tuzo unafunguka.

Kwa AMCOS za Mbulu na Hanang, hatua ya kwanza ni kumbukumbu: uzito, daraja, bei, mnunuzi, kila msimu. Kwa hiyo kama una stakabadhi za misimu mitatu iliyopita, usifungie karanga. Zitunze.