Tiki ya Rilei, Ukimya wa Transista

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Nansio, kisiwani kwetu ziwani, unaona kama mji wa pili umeota majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa, zinaelea zikiwaita samaki. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya karabai na mafuta ya taa; siku hizi taa za LED na betri zinazidi kuzipokea zamu. Nyuma yako, mjini, pampu ya nyumba fulani inaanza kupandisha maji tenkini, na kabla haijanguruma unasikia "tiki" moja kavu ndani ya kisanduku cha ukutani.

Pampu ile imewashwa bila mtu kugusa swichi. Taa kule majini nayo, betri ikikaribia kuisha, inaweza kujizima yenyewe mvuvi akiwa bado anavuta wavu. Swichi zinazofanya kazi hizo ni za koo mbili: ya pampu ni rilei, ya taa ni transista. Vijana wanaojifunza ufundi huniuliza ipi bora, wakitegemea niseme transista kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Mimi huwarudishia swali: mzigo wako ni upi?

Kazi ya zote mbili ni kuufanya umeme mdogo uuamuru umeme mkubwa. Nahodha wa kivuko hasukumi chombo kwa mabega. Yeye anageuza usukani, injini ndiyo inayotoa jasho. Vivyo hivyo, chipu inayosoma kimo cha maji tenkini hutoa volti 5 na miliampea chache tu. Pampu ya nyumbani yenye nusu ya nguvu ya farasi hula ampea tatu hivi kwa volti 230, na pale inapoanza kuzunguka hudai mara kadhaa ya hizo. Ziunganishe mbili hizo moja kwa moja uone chipu ikikuaga kwa moshi.

Fungua rilei iliyokufa uitazame. Utakuta waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara nyingi kwenye kijiti cha chuma. Hiyo ndiyo koili. Umeme ukipita humo, chuma hugeuka sumaku na kuvuta kijiulimi kilicho juu yake, nacho kinagusanisha vituo viwili. Tiki! Umeme ukikatika, springi inakirudisha kijiulimi mahali pake. Mmarekani Joseph Henry alikuwa na kifaa cha namna hii mwaka 1835, na baadaye simu za maandishi zilivuka nchi nzima kwa kupokezana umeme kutoka rilei moja hadi nyingine.

Siri ya rilei ni kwamba kati ya koili na vituo hakuna waya unaoziunganisha. Kinachovuka hapo ni nguvu ya sumaku peke yake. Kwa hiyo umeme wa TANESCO unabaki upande wake, na chipu yenye volti 5 inabaki upande wake, kila mmoja na njia yake. Tena vituo havibagui: umeme wa mkondo geu unapita, wa betri unapita, mbele au nyuma.

Transista haina kinachosogea. Ni chembe ya silikoni yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mzigo unakaa upande wa kolekta. Besi ikipata volti 0.7 hivi zaidi ya emita, mkondo mdogo unaoingia hapo unafungua njia ya mkondo mkubwa kutoka kolekta kwenda emita. Kwenye redio, transista huachwa ifunguke nusunusu ili ikuze sauti. Kwenye swichi tunaitaka iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa.

Hapo katikati ndipo inapoungulia. Chukua taa ya volti 12 inayokula ampea 0.8. Transista ikiwa imefunguka vizuri, yenyewe inabaki na volti 0.2 au 0.3, kwa hiyo joto lake halifiki hata robo ya wati. Lakini ikipewa amri dhaifu, ikabaki na volti 6 huku ampea 0.4 zikipita, sita mara 0.4 ni wati 2.4, zote zinageuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Taa inafifia, transista inaunguza kidole, na mwenye taa analaumu betri.

Mara nyingi swichi hizi mbili hufanya kazi pamoja. Rilei ndogo ya volti 12 huwa na koili ya omu 400 hivi. Gawanya 12 kwa 400, unapata miliampea 30. Chipu nyingi hazipendi kubeba mzigo huo, na hazina hizo volti 12. Hapo tunaweka transista ndogo kama BC547 iwe msemaji wa chipu. Kanuni ya mafundi ni kuipa besi sehemu ya kumi ya mkondo wa kolekta, yaani miliampea 3. Chipu inatoa volti 5, besi inachukua 0.7, zinabaki 4.3. Rezista ya omu 1,000 itapitisha miliampea 4.3: amri imetosha na kuzidi, na hakuna kinachoumia.

Kisha kuna dayodi, kijidude cha bei ya pipi ambacho vijana hukiruka. Niliwahi kukiruka mimi mwenyewe, nilipotengeneza kisanduku changu cha kwanza cha pampu. Kiliwasha vizuri, nikashangilia. Tenki lilipojaa rilei ikazima, na tangu hapo pampu haikuzimika tena hadi maji yakamwagika uani. Koili ikikatiwa umeme ghafla haikubali kunyamaza; sumaku inayobomoka ndani yake husukuma volti zinazoweza kufika mamia. BC547 huvumilia 45 tu. Yangu ilikuwa imetoboka ndani, ikabaki inapitisha umeme muda wote. Dayodi ikiunganishwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya, huupa umeme huo njia ya kuzunguka mpaka uchoke.

Sasa turudi majini. Taa ya dagaa ina betri moja, umeme wa mkondo mmoja, na mzigo wa chini ya ampea moja. Hakuna umeme wa ukutani wa kutenganisha. Rilei hapo ingekula miliampea zake 30 usiku kucha ili kushikilia tu, na kila wimbi lingeutikisa ulimi wake. Transista ya aina ya MOSFET inafaa zaidi: huamriwa kwa volti, na ikishafunguka, mguu wake wa amri, uitwao geti, hauli mkondo wa kuhesabika.

Amri yake hutoka kwenye saketi inayopima betri. Vidhibiti vingi vya sola hukata taa betri ya risasi ya volti 12 inaposhuka hadi volti 11 hivi, kwa sababu betri ya namna hiyo ikikaushwa mara kwa mara haifiki mbali. Lakini angalia mtego: taa ikizimwa, betri hupumua na volti zake hupanda. Kama sharti la kuwasha ni hilohilo la 11, taa itawaka, betri itashuka, taa itazima, na mchezo utaendelea hadi alfajiri. Dawa ni kuachanisha masharti mawili: zima kwenye 11, usiwashe tena mpaka karibu 12.6, yaani mpaka jua liwe limeichaji.

Kwa pampu, rilei inabaki mfalme, ila ina uzee wake. Kila mara vituo vinapoachana huruka cheche, na cheche hula chuma. Mkondo geu wa hapa kwetu hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche hujifia; wa betri hauna pumziko hilo. Ndiyo maana rilei inayoandikwa ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu mara nyingi inaruhusiwa volti 30 tu za mkondo mmoja. Na mota inapoanza inaweza kuvigandisha vituo, pampu isizimike. Kwa pampu kubwa, rilei ndogo iamuru kontakta, yaani rilei kubwa, na kazi ya volti 230 aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

Adui mwingine wa rilei tunamfahamu vizuri hapa kisiwani: wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi na kuvamia kila taa. Tarehe 9 Septemba 1947, huko Harvard, Marekani, nondo alikutwa amenasa kwenye rilei ya kompyuta ya Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi. Desemba ya mwaka huohuo, katika maabara za Bell, John Bardeen na Walter Brattain waliwasha transista ya kwanza, swichi isiyo na upenyo wa mdudu kuingia. Pampu yako bado inataka rilei; chagua basi iliyozibwa pande zote.

Zikikugomea, kila moja ina namna yake ya kuulizwa. Rilei isikilize: tiki moja ni afya, tikitikitiki mfululizo ni amri dhaifu au betri iliyochoka, tiki safi na pampu kimya, tazama vituo. Transista haisemi, kwa hiyo iwekee mita kati ya kolekta na emita. Karibu sifuri, imewaka. Karibu 12, imezima. Ukisoma 5 au 6, usiiguse kwa kidole.